Suala Kabla ya Kanuni: Historia ya Mafumbo ya Hesabu katika Shule ya Msingi, na Nafasi ya Lugha ndani Yake

Utangulizi

Katika vitabu vya Hisabati vya shule za msingi nchini Tanzania, maswali yale ambayo hesabu yake imefichwa ndani ya kisa kifupi huitwa mafumbo. Mwanafunzi husoma kwamba mtu fulani alikwenda sokoni na fedha kadha, akanunua bidhaa kadha, akarudishiwa chenji kadha. Naye hutakiwa kutambua mwenyewe kama kazi iliyo mbele yake ni ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya. Jina hilo limechaguliwa kwa busara. Fumbo, kwa Waswahili, ni usemi ambao maana yake imesitiriwa, nalo humpima anayeambiwa. Ndiyo maana methali husema kwamba fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya fumbo hilo la hesabu, na hasa historia ya wazo kwamba mtoto wa shule ya msingi afundishwe hisabati kwa kutanguliziwa suala, kisha aongozwe kuifikia kanuni kwa kulitafakari suala lenyewe. Wazo hili lisichanganywe na desturi ya kutoa mazoezi. Katika mazoezi kanuni hutangulia: mwalimu huandika ubaoni namna ya kugawanya, wanafunzi hunakili, halafu hupewa maswali ishirini ya kugawanya. Katika mafunzo kwa njia ya masuala mpango hugeuzwa. Wanafunzi huambiwa kwamba kuna magunia saba ya mahindi na jamaa nne zinazotaka kugawana sawasawa, nao huachwa wahangaike, wachore, wabishane. Kanuni ya kugawanya, na hata dhana ya sehemu, huzaliwa katika mabishano hayo.

Inadaiwa hapa kwamba historia ya njia hii haiwezi kueleweka bila ya kuitazama lugha. Suala la hesabu ni matini kabla ya kuwa hesabu. Asiyeielewa matini hana suala la kutatua. Ana tarakimu tu, na atazichanganya kwa namna yoyote ile itakayomwokoa na kiboko au na alama ya mkasi.

Masuala ya mirathi katika pwani

Ni desturi ya wengi kuianza historia ya elimu ya Afrika ya Mashariki na shule za misheni na za serikali za kikoloni. Kwa upande wa hesabu, kuanza hivyo ni kuiruka sura nzima. Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Kilwa, wanafunzi wa elimu ya dini waliosonga mbele walisomeshwa faraidhi, yaani elimu ya kugawa urithi kwa sheria ya Kiislamu. Elimu hiyo ni ya hesabu za sehemu: nusu, robo na thumuni kwa upande mmoja, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi kwa upande wa pili. Nayo kwa desturi hufundishwa kwa visa. Amekufa mtu, ameacha mume au mke, ameacha wazazi, ameacha mabinti. Kila mmoja atapata nini? Kisa cha namna hiyo huitwa kwa Kiarabu mas'ala, na neno hilo ni la mzizi mmoja na maneno yetu swali, suala na masuala. Uhusiano wa hisabati na mirathi ni wa tangu zamani sana: kitabu cha aljebra cha al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad katika karne ya tisa, kimeweka fungu kubwa kwa ajili ya masuala ya urithi.

Uzuri wa masuala hayo ni kwamba mengine hugoma kufuata kanuni ya mwanzo. Tuseme amekufa mwanamke, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Fungu la mume ni nusu, na fungu la dada hao kwa pamoja ni thuluthi mbili. Mwanafunzi akijumlisha atapata sudusi saba, hali mali nzima ni sudusi sita. Mali haitoshi. Mtaala wa kukariri hauna la kumwambia mwanafunzi huyo. Suala lenyewe ndilo linalomlazimisha kufikiri. Ufumbuzi unaoitwa auli, ambao husimuliwa kuwa ulianza kutumika zama za Khalifa Umar, ni kuifanya mali mafungu saba badala ya sita: mume apate matatu, dada wapate manne. Ikiwa mali ni shilingi 42, mume atapata 18, na kila dada 12. Kila mmoja amepunguziwa, lakini kwa uwiano ule ule. Hapo mwanafunzi amefundishwa kwa kisa kimoja dhana ya asili ya pamoja, dhana ya uwiano, na jambo la tatu lililo kubwa zaidi, kwamba kanuni ni chombo kilichotengenezwa na watu waliokabiliwa na shida.

Yafaa pia vikumbukwe vipimo vya biashara. Kibaba, pishi na frasila, shubiri, dhiraa na pima, vilimkabili mtoto wa pwani katika maisha yake ya kila siku. Aliyetumwa dukani alijua kwamba pishi moja ni vibaba vinne kabla hajaona jedwali la kuzidisha kwa nne. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba ni nasaha ya kuweka akiba. Ni vilevile sentensi ya kujumlisha.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba elimu hiyo ilikuwa ya wote. Faraidhi ilikuwa ya wachache, na mwanafunzi mdogo wa chuo cha Kurani alisoma kwa kukariri. Linalosisitizwa ni kwamba njia ya kufundisha hesabu kwa suala ilikwisha kuwapo katika ardhi hii, tena ikiwa na msamiati wake kamili.

Kutoka Pestalozzi hadi Pólya

Katika nchi za Magharibi, shule ya hesabu ilikuwa kwa muda mrefu shule ya kanuni. Vitabu vilitoa kanuni, vikatoa mfano, vikatoa maswali. Dai la kugeuza mpango huo lilipata nguvu kutokana na mawazo ya Mswisi Johann Heinrich Pestalozzi (1746–1827), aliyeshikilia kwamba mtoto aanze na vitu anavyoviona na kuvishika. Mwaka 1821 Warren Colburn alichapisha huko Boston, Marekani, kitabu kidogo cha hesabu kilichofuata mawazo hayo. Kilianza na maswali mepesi ya maneno, ya kujibiwa kichwani, kuhusu vitu ambavyo mtoto alivijua. Alama na kanuni zilikuja nyuma. Kitabu hicho kilienea sana. Lakini shule zilivyozidi kupanuka, na walimu wasiofundishwa vya kutosha walivyozidi kuongezeka, kanuni ilirudi katika kiti chake cha mbele.

Mtu aliyelipa wazo hili umbo linalojulikana zaidi leo ni George Pólya. Alizaliwa Budapest mwaka 1887, akafundisha Zürich kwa miaka mingi, kisha akahamia Marekani na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford. Alifariki mwaka 1985. Katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu namna ya kutatua masuala, alitaja hatua nne: kulielewa suala, kubuni mpango, kuutekeleza mpango, na kuutazama tena ufumbuzi uliopatikana. Wanafunzi wa lugha wana sababu ya kuitazama kwa makini hatua ya kwanza. Kulielewa suala ni kuweza kulisema upya kwa maneno yako mwenyewe: nini kimetolewa, nini kinatafutwa, na sharti gani linaviunganisha. Hiyo ni kazi ya lugha tupu, nayo hutangulia hesabu.

Entebbe na Hisabati Mpya

Warusi walipokirusha chombo chao Sputnik angani mwezi Oktoba 1957, Marekani ilishtuka, na fedha nyingi zikamwagwa katika kuirekebisha mitaala ya sayansi na hisabati. Ndipo ilipopata nguvu ile iliyoitwa Hisabati Mpya, yenye msingi wake katika nadharia ya seti. Wanahisabati kadha, Pólya akiwa miongoni mwao, walitia sahihi waraka wa mwaka 1962 ulioonya dhidi ya kumlisha mtoto dhana tupu kabla hajapata masuala yanayozihitaji dhana hizo.

Katika mwaka huo huo wa 1962 warsha ya kwanza ya mpango wa hisabati wa Kiafrika ilifanyika Entebbe, Uganda. Mpango huo uliendeshwa na shirika la elimu lenye makao yake Massachusetts, nao uliwakutanisha walimu na wataalamu wa nchi kadha za Afrika zilizotumia Kiingereza, Kenya, Uganda, Tanganyika na Liberia zikiwamo, pamoja na wenzao wa Marekani na Uingereza. Warsha nyingine zilifuata, na vitabu vya wanafunzi pamoja na viongozi vya walimu vikaandikwa kuanzia darasa la kwanza. Vitabu hivyo vilijulikana kwa jina la mji huo wa kando ya ziwa.

Haki yatakiwa kutolewa kwa waandishi hao. Nia yao haikuwa kuwakaririsha watoto. Walitaka mtoto avumbue: apange vijiti, atenganishe mbegu, aone mwenyewe kwamba tatu na nne ni sawa na nne na tatu. Lakini viongozi hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, na vilijaa istilahi ambazo hata walimu wenyewe walikuwa hawajazizoea. Somo lililokusudiwa kuwa la uvumbuzi liligeuka katika madarasa mengi kuwa somo la kukariri majina: muungano wa seti, makutano ya seti, seti tupu. Mwalimu ambaye hakupata mafunzo ya kutosha alifanya lile aliloweza kufanya, yaani kuyaandika majina ubaoni.

Mfano mmoja wapasa kutajwa kwa sababu unahusu lugha moja kwa moja. Hisabati Mpya ilisisitiza mno tofauti baina ya namba yenyewe na alama inayoiandika namba hiyo. Kwa Kiingereza tofauti hiyo ilihitaji maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti, na watoto wakachanganyikiwa. Kiswahili kilikuwa na tarakimu kwa alama inayoandikwa, na idadi kwa wingi unaohesabiwa. Maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Somo lililowasumbua watoto wa Chicago na wa Nairobi lingeweza kuelezwa kwa sentensi moja ya Kiswahili. Lakini halikuelezwa kwa Kiswahili.

Nchini Liberia, John Gay, aliyekuwa mwalimu wa chuo huko, pamoja na mwanasaikolojia Michael Cole, waliutazama mgongano huo miongoni mwa Wakpelle, wakachapisha utafiti wao mwaka 1967. Shida ya wanafunzi wa Kikpelle katika hesabu za shule ilikuwa imekwisha kusemwa na wengi. Gay na Cole waliuliza swali la upande wa pili: je, Wakpelle wanajua nini? Wakaona kwamba watu wazima wa Kikpelle, wakiwekewa mbele yao mpunga katika bakuli, walikisia idadi ya vikombe vilivyomo kwa usahihi uliowashinda mbali Wamarekani waliopewa jaribio hilo hilo. Maarifa ya hesabu yalikuwapo. Yaliishi katika lugha, na katika kazi, ambazo shule haikuzigusa.

Katika miaka ya 1970 Hisabati Mpya ililalamikiwa Marekani kwenyewe, na Morris Kline akaishambulia katika kitabu chake cha mwaka 1973. Nchini Kenya wazazi na waajiri walinung'unika kwamba watoto hawajui kujumlisha, na mwaka 1981 Hisabati Mpya ikaondolewa shuleni. Kwa bahati mbaya, kilichorudi mahali pake hakikuwa suala bali kanuni. Wakati Kenya ikirudi nyuma, baraza la walimu wa hisabati la Marekani lilikuwa limekwisha tangaza, mwaka 1980, kwamba utatuzi wa masuala uwe ndio kiini cha hisabati ya shule katika muongo ule; na taarifa ya tume ya Cockcroft, iliyotolewa Uingereza mwaka 1982, ilisema mengi ya namna hiyo hiyo.

Lugha ya kufundishia

Nchi mbili jirani zilifuata njia mbili. Nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, ulianzishwa mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikauunga mkono. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirudi kupendekeza lugha ya eneo la shule kwa madarasa matatu ya mwanzo, na Kiingereza baada ya hapo. Nchini Tanzania, baada ya tangazo la Elimu ya Kujitegemea la mwezi Machi 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia masomo ya shule ya msingi, hesabu ikiwamo.

Uamuzi huo wa Tanzania ulihitaji istilahi, nao unaonyesha ni akiba gani iliyokuwapo. Namba zinazogawanyika kwa mbili ziliitwa shufwa na zile zisizogawanyika witiri, maneno ambayo Mwislamu wa pwani aliyafahamu kutokana na sala za usiku. Namba isiyo na kigawo ila moja na yenyewe iliitwa tasa, jina la kiumbe kisichozaa. Kwa sehemu, tarakimu ya juu ikawa kiasi, na ya chini asili. Palipohitajika kuunda, viambishi vya Kiswahili vilifanya kazi: kutokana na gawa kukapatikana kigawo na kigawe, na kutokana na hivyo kigawo kikubwa cha shirika na kigawe kidogo cha shirika. Mtoto anayejua kitenzi gawa amekwisha pata nusu ya maana ya istilahi hizo.

Katika Kenya jambo la ajabu lilitokea, ambalo halijasemwa vya kutosha. Akisami, yaani nusu, thuluthi, robo, khumsi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri, zimo katika mafunzo ya shule ya msingi, lakini zimo katika somo la Kiswahili. Mtoto huzikariri kama anavyokariri majina ya makundi na ya wana wa wanyama, ili azitambue katika mtihani wa lugha. Saa inayofuata kengele hulia, mwalimu wa hisabati huingia, na sehemu zile zile hufundishwa upya kwa Kiingereza kana kwamba hazijapata kutajwa. Orodha ile ile ambayo mwanafunzi wa faraidhi aliitumia kugawa mali ya marehemu imekuwa pambo la msamiati. Akisami zimebaki bila hesabu, na hesabu imebaki bila akisami.

Haifai, lakini, kudai kwamba lugha peke yake hutosha. Mafumbo ya vitabu vya Tanzania yaliandikwa kwa Kiswahili fasaha, nayo kwa kawaida yaliwekwa mwishoni mwa mada, baada ya kanuni na mazoezi. Mtoto aliyeyafikia mafumbo ya kuzidisha alijua tayari kwamba atazidisha, maana sura nzima ilikuwa ya kuzidisha. Fumbo lililotangazwa jibu lake katika kichwa cha sura si fumbo tena. Isitoshe, Azimio la Musoma la mwezi Novemba 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote. Madarasa yalijaa, vitabu na walimu wakawa haba. Kenya nayo ilionja hali hiyo ilipofuta karo katika madarasa ya chini mwaka 1974, na tena ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003. Katika darasa la watoto themanini, suala linalohitaji mabishano ni anasa ambayo mwalimu huiogopa.

Umbo la lugha na umbo la fumbo

Ikiwa suala la hesabu ni matini, basi sarufi ya lugha inayolibeba haikosi kuliathiri. Kiswahili humsaidia mwanafunzi katika mambo fulani na kumtatiza katika mengine, na yote mawili yastahili kuchunguzwa na wanaisimu pamoja na walimu wa hisabati.

Kwanza, upatanisho wa ngeli. Fumbo likisema kwamba mkulima ana vikapu 4, kila kikapu kina maembe 12, ameuza 15, kisha likauliza amebaki na mangapi, kiambishi ma- kimekwisha mwonyesha mwanafunzi kwamba yanatafutwa maembe. Lingeuliza vingapi, yangetafutwa mambo mengine. Kiingereza, ambacho kina kiulizi kimoja kwa vitu vyote, hakimpi msaada huo. Lakini vitu vikiwa vya ngeli ya sahani na kalamu, kiulizi hubaki ngapi bila alama ya kusikika, na msaada hutoweka. Mwandishi wa vitabu anayejua sarufi anaweza kuamua lini amsaidie mtoto na lini amwache ajitegemee.

Pili, majina ya namba. Kumi na moja na kumi na mbili yanasema wazi kwamba ni kumi na kitu juu yake, hali maneno ya Kiingereza kwa namba hizo mbili huficha muundo wao. Hata hivyo ishirini na thelathini, kwa kuwa zimetoka Kiarabu, hazionyeshi tena kwamba ni makumi mawili na makumi matatu. Kadhalika upo utata unaojulikana wa maelfu: elfu ishirini na tano yaweza kuandikwa 25,000, na yaweza kuandikwa 20,005. Msemaji mwangalifu husema ishirini na tano elfu akikusudia ile ya kwanza. Utata huu si aibu ya lugha; ni suala zuri la darasani, la kuwafundisha watoto thamani ya nafasi ya tarakimu.

Tatu, saa. Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Kutoka saa tano hadi saa nane mchana ni saa tatu, nayo hupatikana kwa kutoa tu. Kwa hesabu ya Kiingereza muda huo huo huanzia saa kumi na moja na kuishia saa mbili, na mtoto sharti avuke kumi na mbili. Alfajiri mambo hugeuka: kutoka tano hadi nane kwa Kiingereza ni kutoa tu, hali kwa Kiswahili ni kutoka saa kumi na moja hadi saa mbili. Muda haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia kuhesabu, na mtoto mwenye lugha mbili, akiongozwa vyema, ana nafasi ya kuligundua jambo hilo mapema kuliko mwenye lugha moja.

Umri wa nahodha

Hatari ya fumbo lisilofikiriwa ilionekana Ufaransa. Gustave Flaubert, katika barua ya mwaka 1841 kwa dada yake, alimfanyia mzaha wa suala refu lenye habari nyingi za meli, likiishia kwa kuuliza umri wa nahodha. Karibu miaka mia na arobaini baadaye, watafiti wa Grenoble waliwapa watoto wa shule ya msingi suala la namna hiyo: melini mna kondoo 26 na mbuzi 10; nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, watoto 76 walitoa jibu kwa kuzishughulikia namba walizopewa. Watoto hao walikuwa wakisoma kwa lugha yao wenyewe. Kwa hiyo kilichowapotosha ni mazoea ya shule, yaliyowafunza kwamba kila swali lina jibu na kwamba jibu hupatikana kwa kuzichanganya namba zilizomo.

Ushahidi wa upande wa pili ulitoka Recife, Brazil, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985 na Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann. Walikwenda kwa watoto watano wachuuzi, wakanunua nazi na bidhaa nyingine, wakauliza bei na chenji. Watoto hao walipata asilimia 98 ya hesabu za sokoni. Baadaye walipewa hesabu za namna ile ile kwa karatasi na kalamu. Zilizoandikwa kwa kisa walizipata kwa asilimia 74 hivi. Zilizoandikwa kwa tarakimu tupu, kwa asilimia 37. Idadi ya watoto ni ndogo, lakini mfuatano wa takwimu hizo unaeleweka: kadiri hesabu ilivyoachwa na kisa chake, ndivyo mtoto alivyoachwa na akili zake za sokoni. Yeyote aliyepata kununua ndizi kwa mtoto katika stendi za mabasi za Mombasa au Kisumu hatashangaa.

Hitimisho

Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi nchini Kenya, uliodumu tangu 1985 hadi 2023, uliuliza hisabati kwa maswali hamsini ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Mtahini hakuiona njia aliyoipita mwanafunzi. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019, umetaja kufikiri kwa makini na kutatua masuala kuwa miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Hilo ni tamko jema. Lakini historia iliyosimuliwa hapa yaonyesha kwamba tamko la namna hiyo lilikwisha tolewa Boston, likatolewa Entebbe, na mara zote lilikwama mahali pale pale: kwa mwalimu ambaye hakupewa muda wala mafunzo, na katika matini ambayo mtoto hakuweza kuisema upya kwa maneno yake.

Idara za lugha haziwezi kuyapunguza madarasa wala kuwaongeza walimu. Zipo kazi, hata hivyo, ambazo hakuna mwingine wa kuzifanya. Msamiati wa hesabu uliomo katika Kiswahili na katika lugha nyingine za Kenya, pamoja na vipimo, majina ya sehemu na namna za kukisia, haujakusanywa kwa ukamilifu, na wazee wanaovijua vipimo hivyo wanapungua. Mafumbo ya vitabuni hayajachunguzwa kwa jicho la sarufi. Akisami zinangoja kurudishwa katika somo la hisabati, walau katika madarasa ya chini ambako sera yenyewe inaruhusu lugha ya eneo.

Katika mchezo wa vitendawili, anayeshindwa hachapwi. Huambiwa atoe mji. Naye huutoa, hufumbuliwa, hucheka pamoja na wenzake, na kesho yake hukitega kitendawili kile kile kwa wengine. Watoto wa Kiafrika wameketi katika mkutano huo kila usiku kwa karne nyingi, wakijifunza kungoja, kukisia, kukosea na kujaribu tena. Asubuhi huenda shuleni, ambako kukosea kuna gharama yake. Mwalimu atakayelitanguliza suala mbele ya kanuni atalazimika kwanza kulirudishia darasa lake ruhusa hiyo ya kutoa mji.